Lugha ijifunzwe chuoni, isingoje foleni ya viza

MNAMO Septemba 13, 2024, jijini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira huku Rais William Ruto na aliyekuwa Kansela wa Ujerumani, Bw Olaf Scholz, wakishuhudia. Muda si muda habari zikaenea kwamba Wakenya 250,000 wangeajiriwa katika taifa hilo. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha, ikieleza kuwa mkataba huo haukutaja idadi yoyote.

Mjadala uliofuata ulihusu tarakimu hiyo. Wapo walioiamini na wapo walioikejeli. Lakini swali lililowahusu vijana zaidi halikupewa uzito uliostahili: kati ya wahitimu wetu, ni wangapi wangeweza kuingia katika chumba cha usaili na kujieleza kwa Kijerumani?

Swali hilo ndilo mlango wenyewe. Muuguzi kutoka nje ya Ulaya anayetaka kutambuliwa rasmi nchini Ujerumani kwa kawaida hutakiwa awe na cheti cha Kijerumani cha kiwango cha B2. Hiyo ni ngazi ya nne kati ya sita katika mfumo wa Ulaya wa kupima umilisi wa lugha, unaoanzia A1 hadi C2. Kijana anayetafuta nafasi ya mafunzo ya kazi, yale yaitwayo Ausbildung, aghalabu hutakiwa afikie B1. Shahada, hata iwe ya daraja la kwanza, haiwezi kushika nafasi ya cheti hicho.

Hapa ndipo ilipo kasoro yetu. Tumezoea kuichukulia lugha ya ziada kama pambo la wanafunzi wa kitivo cha sanaa, na kuwaachia wengine waitafute wenyewe pindi haja itakapojitokeza. Haja hiyo aghalabu hujitokeza baada ya mahafali, wakati kijana hana tena mhadhiri, maktaba wala mkopo wa serikali. Ukweli ni kwamba miaka minne ya chuo kikuu ndiyo wakati nafuu zaidi, na pengine wa mwisho, wa kujifunza lugha kwa utulivu.

Kurudi darasani baada ya mahafali

Tumtazame muuguzi mmoja tu, wa aina ambayo kila msomaji anaifahamu katika ukoo au mtaa wake. Amesoma miaka minne chuoni na kumaliza mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Amesajiliwa. Amengoja kuajiriwa na kaunti, akachoka kungoja. Sasa amesikia kwamba Ujerumani inahitaji wauguzi, lakini hajui hata kuhesabu hadi kumi kwa Kijerumani.

Basi anarudi darasani. Analipa karo upya, mara nyingi kutoka mifuko ya wazazi walewale waliouza ng'ombe au kukopa katika chama cha ushirika ili amalize shahada. Deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) nalo linamngoja. Kwa kipindi kinachokaribia mwaka mzima hapati mshahara, bali anatumia. Kwa sababu ana haraka, anakuwa windo rahisi la mawakala wanaoahidi kumfikisha B2 katika muda ambao hakuna mwalimu mwaminifu anayeweza kuuahidi.

Wala tusidhani kwamba tatizo ni Kijerumani pekee. Mnamo 2021, Kenya ilipotia sahihi mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza, wengi waliamini kuwa Kiingereza hakingekuwa kizuizi. Tumekisoma tangu utotoni na ndicho lugha ya mihadhara. Hata hivyo, mwaka huohuo aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alifichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza uliohitajika, 10 pekee ndio waliofaulu.

Mtu aweza kuulaumu mtihani wenyewe kwa ugumu wake. Lakini tukio hilo lilitufunza jambo moja: kuitumia lugha darasani hakumaanishi kuimudu kwa kiwango anachokitaka mwajiri. Mwajiri anataka muuguzi awezaye kusikiliza malalamiko ya mgonjwa, kuandika ripoti ya zamu na kumweleza daktari kwa simu hali ilivyo usiku wa manane. Huo ni ujuzi unaofunzwa na kupimwa peke yake.

Hesabu ya saa

Pingamizi la kwanza linalotolewa vyuoni ni kwamba ratiba imejaa. Mwanafunzi wa uuguzi au uhandisi, tunaambiwa, hana nafasi ya kuongezewa mzigo. Tulipime pingamizi hilo kwa hesabu.

Somo moja la kawaida la chuo kikuu huchukua saa tatu kwa wiki. Muhula ukiwa na wiki 14 za masomo, hizo ni saa 42. Kwa mihula minane ya shahada ya miaka minne, jumla ni saa 336. Tukizigeuza ziwe vipindi vya dakika 45, ambavyo ndivyo kipimo cha walimu wa Kijerumani, tunapata vipindi 448.

Makadirio ya Taasisi ya Goethe, ambayo ndiyo husimamia mitihani ya Kijerumani kote duniani, ni kuwa mwanafunzi huhitaji vipindi kati ya 350 na 650 ili kufikia B1, na kati ya 600 na 800 ili kufikia B2. Kwa hiyo, mwanafunzi ambaye angetenga saa tatu tu kwa wiki angehitimu akiwa amefika au amekaribia B1. Kijana wa mafunzo ya kazi angekuwa mlangoni tayari. Muuguzi angebakiwa na vipindi kati ya 150 na 350. Akisoma vipindi 20 kwa wiki, angevimaliza kwa muda wa wiki nane hadi 18.

Mwenzake aliyeanza bila chochote atahitaji wiki 30 hadi 40 kwa kasi hiyohiyo ya vipindi 20, pasipo mapumziko. Tofauti kati ya wawili hao ni zaidi ya miezi mitano ya maisha, karo na mshahara uliopotea. Yote hayo yangeokolewa kwa saa tatu za wiki, muda ambao wanafunzi wengi huutumia kutazama mechi mbili za ligi ya Uingereza.

Ipo pia sababu ya kielimu. Lugha haimezwi kwa mkupuo. Msamiati hutulia akilini kwa kurudiwa tena na tena katika muda mrefu, na ulimi huzoea sauti ngeni polepole. Miaka minne ya kusoma kidogokidogo humfaa mwanafunzi kuliko miezi mitatu ya kukesha. Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, na hawakukosea.

Si Ujerumani pekee

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, kazi ya vyuo vikuu vinavyogharimiwa na mlipa ushuru wa Kenya ni kuandaa vijana wa kuuzwa ng'ambo? Swali hili ni la haki. Hospitali zetu zina upungufu wa wauguzi ilhali tunajivunia mikataba ya kuwapeleka kwingine.

Hata hivyo, anayedhani lugha ya ziada ni tikiti ya ndege tu hajautazama ramani ya eneo letu. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mnamo 2007. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikaingia 2022. Mataifa yote matatu yana historia ndefu ya Kifaransa katika shule, mahakama na ofisi. Nchini Congo, Kifaransa ndicho lugha rasmi na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za kitaifa, kikitumika sana upande wa mashariki.

Benki za Kenya ziliyang'amua hayo mapema kuliko vyuo vyetu. Equity iliingia Congo mnamo 2015 kwa kununua hisa katika benki ya ProCredit, na mnamo 2020 ikainunua BCDC, mojawapo ya benki kongwe nchini humo. KCB nayo ilikamilisha ununuzi wa Trust Merchant Bank mnamo Desemba 2022. Ofisi inayosimamia benki ya Kinshasa au Lubumbashi kutoka Nairobi inahitaji wahasibu, wanasheria, wakaguzi wa hesabu na wataalamu wa tarakilishi wawezao kusoma mkataba ulioandikwa kwa Kifaransa bila kungoja mfasiri. Mhasibu kama huyo halazimiki kuhama nchi. Anaweza kuishi Rongai na kufanya kazi Upper Hill.

Umoja wa Mataifa nao una makao Nairobi, ndiyo makao makuu yake ya pekee barani Afrika. Umoja huo una lugha sita rasmi: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiingereza na Kifaransa ndizo lugha za kazi katika sekretarieti yake. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha kufunza ukalimani na tafsiri, nacho ni mwanachama wa muungano wa vyuo vya Afrika vinavyotoa mafunzo hayo katika kiwango cha uzamili. Lakini hakuna mkalimani anayezaliwa katika shahada ya pili. Anayeingia humo hupaswa awe tayari amezimudu lugha zake, na kuzimudu huko huanzia katika shahada ya kwanza, kama si shule ya upili.

Kuhusu Kichina, mkondo umekuwa wazi kwa miongo miwili. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanzishwa mnamo 2005, ndiyo iliyokuwa ya kwanza barani Afrika. Chuo Kikuu cha Kenyatta na vile vya Egerton na Moi vilifuata. Reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, iliyojengwa na kampuni ya China, ilipozinduliwa Mei 31, 2017, kila mtu aliona kwamba mhandisi wa Kenya aliyejua Kichina hangekuwa sawa na asiyekijua. Wa kwanza aliweza kumuuliza msimamizi wake swali la kitaalamu. Wa pili alilazimika kusubiri mkalimani, na mara nyingine kukosa maarifa yaliyopitishwa mbele ya macho yake.

Hazina tunayoikanyaga

Mpaka hapa tumezungumzia lugha za kigeni. Lakini ipo lugha moja ambayo mwanafunzi wa Kenya huingia nayo chuoni akiwa nayo mkononi, kisha akaiacha langoni. Lugha hiyo ni Kiswahili.

Taasisi inayowafunza wanadiplomasia wa Marekani hutenga wiki 36 za masomo ya kutwa ili mzungumzaji wa Kiingereza akimudu Kiswahili kikazi. Huo ndio muda uleule inaoutenga kwa Kijerumani. Kwa Kichina na Kiarabu hutenga wiki 88. Maana yake ni kwamba Mkenya anayezungumza Kiswahili vyema amebeba kichwani ujuzi ambao taifa tajiri liko radhi kuulipia mshahara wa ofisa wake kwa zaidi ya miezi minane bila kumpa kazi nyingine.

Kila mwanafunzi aliyepitia mfumo wa 8-4-4 alikisoma Kiswahili kwa miaka 12. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mwanafunzi wa sheria, udaktari au biashara huweza kumaliza chuo pasipo kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Katika vyuo vingi, somo la pekee la lugha analolazimika kulifanya ni stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza, nalo hufunzwa kwa Kiingereza.

Matokeo yake huyaona anayepokea kazi za wahitimu. Kwa miaka mingi nimeketi kwenye meza ya wahariri wasaidizi na kupitia habari za wanahabari chipukizi waliotoka vyuoni na shahada nzuri. Wengi huandika kwa bidii, lakini humwita mshukiwa mhalifu, humwita mshtakiwa mfungwa, na husema mtu amehukumiwa ilhali amefunguliwa mashtaka tu. Makosa hayo si ya sarufi. Ni makosa yanayoweza kulipeleka gazeti mahakamani na kumharibia jina mtu asiye na hatia. Wachache wanaozijua tofauti hizo, na wanaoweza kugeuza uamuzi wa mahakama wa Kiingereza kuwa habari safi ya Kiswahili ndani ya nusu saa, huwa hawakai bila kazi.

Wala si vyumba vya habari pekee. Daktari katika hospitali ya Kwale au Garissa humweleza mgonjwa maana ya shinikizo la damu kwa Kiswahili, ijapokuwa alijifunza maradhi hayo kwa Kiingereza kitupu. Wakili humtetea mteja ambaye hasikii lugha inayotumiwa kumshtaki. Ofisa wa kilimo huhutubia mkutano wa wakulima kuhusu dawa ambayo maandishi ya kwenye kibandiko hayaeleweki. Wote hawa wanafanya kazi ya tafsiri kila siku bila kufunzwa.

Nje ya mipaka, mahitaji yameongezeka. Mnamo 2018 Afrika Kusini ilitangaza kuwa Kiswahili kingeruhusiwa kufunzwa shuleni kama somo la hiari. UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani kwa uamuzi wa Novemba 2021. Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mnamo Februari 2022, na Julai mwaka huo baraza la mawaziri la Uganda likakiidhinisha kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Nchini Marekani, mpango wa Fulbright huwachukua vijana kutoka Kenya na Tanzania kwenda kufunza Kiswahili katika vyuo vikuu vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo, huku nao wakisoma.

Nafasi hizo hazimngoji Mkenya. Tanzania ina Baraza la Kiswahili, BAKITA, lililoundwa mnamo 1967, na walimu wake wanajulikana. Tukiendelea kukifanya Kiswahili mzaha wa mabweni, tusilalamike jirani anapoitwa kufunza Kampala na Johannesburg.

Faida inayotangulia mshahara

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuipima lugha kwa mshahara peke yake. Mwanafunzi huishi chuoni miaka minne kabla ya kuajiriwa, na maisha hayo nayo yana thamani.

Idadi ya wanafunzi katika vyuo vyetu imeongezeka kuliko kumbi za mihadhara. Kuna masomo ambamo mamia ya wanafunzi humsikiliza mhadhiri mmoja, wengine wakiwa wamesimama dirishani. Mwanafunzi aweza kumaliza mwaka mzima bila mhadhiri wake kulijua jina lake. Darasa la lugha ni mojawapo ya mahali pachache ambapo jambo hilo haliwezekani. Huwezi kujifunza Kifaransa ukiwa umejificha nyuma. Lazima ufungue kinywa, ukosee, ucheke na uchekwe, kisha ujaribu tena. Kijana aliyezoea kukosea mbele ya wenzake bila kuzimia roho tayari amepata nusu ya kile waajiri wanachokiita kujiamini.

Darasa hilo pia huvunja kuta. Siasa za wanafunzi katika vyuo vyetu kwa muda mrefu zimefuata mikondo ya makabila, na makundi ya kutoka nyumbani ndiyo huwa kimbilio la mgeni wa mwaka wa kwanza. Katika darasa la Kichina, anayetoka Lodwar na anayetoka Nyeri huanza wakiwa sawa, kwani wote hawajui kitu. Hakuna mwenye lugha hiyo, hakuna wa kumcheka mwingine kwa lafudhi. Urafiki unaozaliwa hapo hudumu.

Kwa upande wa Kiswahili, Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili Afrika Mashariki, CHAWAKAMA, kimekuwa kikiwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya ukanda huu katika makongamano yao. Mwanafunzi aliyepanda basi kwenda kuwasilisha makala mbele ya wenzake wa nchi jirani amejifunza mambo ambayo hayamo katika silabasi: kuomba udhamini, kuandika barua rasmi, kuvuka mpaka, kulala ugenini na kupingwa kwa hoja. Jijini Nairobi, Alliance Française na Taasisi ya Goethe zina maktaba, filamu na matamasha ambayo kwayo kijana asiye na nauli ya kwenda Ulaya aweza kuonja utamaduni mwingine bila kuvuka mpaka.

Lugha pekee haitoshi

Baada ya kuyasema hayo, uungwana unatudai tuseme na upande wa pili. Lugha pekee haimpi mtu kazi.

Maelfu ya waliohitimu shahada ya elimu wakiwa na Kiswahili na Historia, au Kiswahili na Dini, wamesubiri kwa miaka mingi kuitwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC). Hawakukosa lugha. Walikosa nafasi, na hakuna aliyewaeleza wakiwa chuoni kwamba umilisi wao ungeweza kuwa wa mfasiri, mhariri, mtunzi wa vipindi au mwalimu wa wageni.

Zipo pia kazi za lugha zisizo na heshima. Vijana walioajiriwa Nairobi kuchuja picha na maandishi ya Facebook walichukuliwa kwa sababu ya lugha walizozijua, zikiwemo za Afrika. Mnamo 2023, zaidi ya 180 kati yao walifika mahakamani wakilalamikia kufutwa kazi na madhara ya yale waliyolazimika kuyatazama. Lugha iliwafungulia mlango, lakini haikuwalinda walipokuwa ndani.

Kwa hiyo, lugha ni mkono wa pili wa ujuzi mwingine. Muuguzi anayejua Kijerumani, mhasibu anayejua Kifaransa, mhandisi anayejua Kichina, mwanasheria anayeandika Kiswahili sanifu: hawa ndio wanaotafutwa. Anayejua lugha bila fani nyingine hana budi kuigeuza lugha yenyewe kuwa fani, kwa kusomea tafsiri, ukalimani, uhariri au ufundishaji kwa kina.

La kufanya

Hatua ya kwanza ni ya vyuo vyenyewe. Seneti za vyuo zifungue masomo ya lugha kwa wanafunzi wa vitivo vyote, na masomo hayo yahesabiwe katika shahada. Mwanafunzi wa uhandisi hatajitolea kwa mihula minane kusoma kitu kisichoonekana katika matokeo yake. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, inayoidhinisha kozi, iwe tayari kulikubali badiliko hilo bila urasimu wa miaka.

Pili, masomo hayo yaambatane na mitihani inayotambuliwa nje ya chuo. Alama ya A katika Kijerumani cha chuo fulani haina maana kwa ubalozi. Cheti cha B1 kina maana. Chuo kinaweza kushirikiana na taasisi za lugha ili wanafunzi wafanye mitihani hiyo kabla ya kuhitimu, na HELB itafakari kuijumuisha ada ya mtihani katika mkopo. Mkopo huo hulipwa haraka zaidi na aliyeajiriwa.

Tatu, kuanzishwe Kiswahili cha kitaaluma kwa wanafunzi wa tiba, sheria, kilimo na uanahabari. Hili halihitaji mwalimu kutoka ng'ambo wala jengo jipya. Wahadhiri wapo, na wahitimu wa kuwasaidia wapo nyumbani wakisubiri kuitwa. Bunge la Taifa liliweza kutafsiri Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili. Chuo kikuu hakiwezi kushindwa kuandaa mwongozo wa istilahi za hospitali.

Nne, wanafunzi wenyewe wachague lugha moja na kuishikilia. Ipo tabia ya kuonja Kifaransa muhula mmoja, Kichina mwingine na Kihispania wa tatu, kisha kuziandika zote katika stakabadhi za kuombea kazi. Msaili huuliza swali moja tu kwa lugha hiyo na mambo yakaishia hapo. Aliye na lugha moja ya kigeni kwa kiwango cha B1, pamoja na Kiswahili na Kiingereza safi, ana nguvu kuliko mwenye salamu za lugha tano.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto anaposema anasoma lugha chuoni, swali la kwanza nyumbani huwa: "Hiyo itakupa kazi gani?" Swali si baya, lakini lingefaa liulizwe kwa namna nyingine: lugha hiyo utaiunganisha na kazi gani?

Mikataba ya ajira itaendelea kutiwa sahihi, na tarakimu kubwa zitaendelea kutangazwa. Baadhi zitakuwa za kweli na baadhi zitakanushwa. Siku nafasi ya kweli itakapokuja, iwe ya Berlin, Kinshasa au Gigiri, haitamuuliza kijana anapanga kujifunza nini. Itamtaka aeleze, kwa lugha ya mwenye kazi, anachoweza kufanya. Mwanafunzi aliye mwaka wa kwanza leo ana mihula minane ya kujiandaa kwa swali hilo. Aliyehitimu jana anaanza sasa, kwa fedha zake, akiwa tayari kwenye foleni.